Kabla hujapanda mahindi matamu, muulize jirani kapanda nini

Juzi kaniandikia msomaji mmoja wa Ihumwa, Dodoma. Ana robo eka, kisima na simtanki la lita 5,000, na anataka kulima mahindi matamu, yale ya njano laini, awauzie wenye hoteli mjini. Hesabu kashapiga: miche 4,500 mara shilingi 1,000. "Dada, nianzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka juzi hesabu hiyo niliipiga mimi.

Shamba langu liko upande wa Hombolo. Mbegu nilinunua kwa bei ambayo mume wangu hajaijua hadi leo. Punje zenyewe nyepesi, zimekunjamana kama zabibu kavu, nikadhani nimepigwa. Kumbe ndivyo zilivyo, wanga wake ni mdogo. Kwa hiyo hazina nguvu ya kusukuma udongo. Ukizifukia chini sana, nyingi zinaweza kuozea humohumo. Nilipanda mwisho wa Julai baridi ilipolegea, kwa samadi na maji ya matone. Viwavijeshi vilikuja, tukapambana navyo, hiyo sitaisimulia.

Mahindi yakatoa mbelewele, yale maua ya juu yenye chavua. Mimi napiga picha, narusha kwenye kundi la familia. Hatua arobaini kutoka pale, mzee jirani ana mahindi yake ya unga, mbegu ya Situka, anamwagilia kwa pampu, nayo imetoa mbelewele wiki ileile. Na upepo wa Dodoma mnaujua. Chavua ya mahindi ya unga ikitua kwenye ndevu za mahindi matamu, punje inayotoka ni ya wanga, tena msimu huohuo. Sikuwa najua.

Nikavuna saa saba mchana, viroba vinne, vikalala nje vikisubiri usafiri wa asubuhi. Kosa juu ya kosa: hindi likishakatwa sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huongeza kasi. Mpishi mkuu wa hoteli akamenya moja, akatafuna, akanitazama kwa huruma. "Dada, hili si gobo tu, hindi la kuchoma?" Mbele ya vijana wote wa jikoni! Mpaka leo nikipita barabara ile nageuza shingo.

Nikakimbilia Majengo kwa mama mchoma mahindi. Naye akachambua: yaliyobaki matamu akayakataa, eti yananywea motoni, wateja wake wanataka hindi la kutafuna, lenye ndimu na pilipili. Tulikula mahindi wiki nzima mpaka watoto wakaomba ugali.

Sasa, mdogo wangu, simu yenye kikokotoo iweke chini kwanza. Nenda kwa jirani. Mimi msimu huu nilikwenda na kilo mbili za sukari, nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, nikakaa kwenye kigoda. Tukakubaliana yeye atangulie, mimi nipande wiki tatu baadaye. Mbegu ghali haikusaidii kama hujui kukaa na watu, na vijana wengi hamjui.

Panda kwa kipande cha mraba, siyo mistari miwili mirefu kando ya uzio. Kila punje ina uzi wake wa ndevu. Uzi uliokosa chavua ni pengo kwenye hindi. Wiki ya mbelewele maji yasikatike hata siku moja. Wiki kama tatu baada ya ndevu kutoka, zikikauka rangi ya kahawia na maganda bado mabichi, toboa punje kwa ukucha. Yakitoka maji maangavu, subiri. Yakitoka maziwa, vuna. Ukikuta uji mzito, umechelewa. Vuna alfajiri, funika kivulini, saa tatu uwe mjini. Na nyie wanunuzi, tazameni kikonyo kilipokatwa: kikiwa kikavu, hilo ni la juzi.

Msimu huu nauzia hoteli nyingine. Jumanne yule mpishi akanipigia, kasikia sifa. Nikamwambia yameisha.

Shambani yalikuwepo bado.