Hadithi Pendwa, Vipendwa au Nizipendazo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana watatu hapa Dodoma, tunatengeneza tovuti ndogo ya simulizi za waandishi chipukizi. Tumekwama kwenye maneno. Kwenye kitufe chenye alama ya moyo, mwenzangu mmoja kaandika "Hadithi Pendwa", mwingine anataka "Vipendwa Vyangu", na mimi naona tuache "Favoriti" kwa sababu ndivyo vijana wanavyosema. Halafu kuna "Orodha ya Usomaji". Hicho ni Kiswahili kweli? Tusaidie. – Msomaji wa Makulu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na "Hadithi Pendwa", maana hiyo ndiyo itakayowapotosha wasomaji wenu zaidi. Kisarufi haina kosa. Tatizo ni kwamba jina hilo lina mwenyewe tayari. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, riwaya pendwa na hadithi pendwa ni zile za upelelezi, ujambazi na mapenzi, zinazoandikwa ili zisomwe na watu wengi, kama zile zilizovuma miaka ya 1970 na 1980. Anayependa hapo ni umma. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dodoma akifungua tovuti yenu akakuta "Hadithi Pendwa", atatarajia makachero, au atadhani ni zile zinazosomwa zaidi wiki hiyo. Hatajua kwamba ni hadithi alizozichagua yeye mwenyewe. Kauli ya kutendwa humficha mtendaji, na kitufe chenu kinamhitaji mtendaji huyo aonekane.

"Vipendwa Vyangu" ina nafuu, kwa kuwa "vyangu" inamrudisha mwenye mali. Lakini ngeli ya ki-/vi- inaita vitu kwa jumla, ilhali msomaji wa simulizi ana hadithi kichwani, nazo ni i-/zi-. Ndiyo maana utakuta mtu anaandika "vipendwa zangu". Ulimi wake uko kwenye hadithi, mkono uko kwenye vitu. Simlaumu. Jina likimfanya mtu akosee upatanisho kila mara, kasoro iko kwenye jina.

Kuhusu "Favoriti", sina ugomvi na maneno ya kukopa. Listi, sinema na gari yameingia na yanatutumikia vizuri. Ila wasikilizeni vijana wenyewe wanavyozungumza. Akimwelekeza mwenzake, mara nyingi husema "nimeisevu" au "nimeiweka". "Favoriti" analiona kwenye skrini tu, na mdomoni halitoki. Neno la kitufe litoke mdomoni mwa watu.

Sasa, kabla hamjachagua, tazameni watu wanafanya nini na huo moyo. Mchukulieni msomaji anayepanda treni ya SGR asubuhi kwenda Dar. Akiwa bado stesheni ya Dodoma anapitisha kidole, anabonyeza moyo kwenye simulizi tano, anakaa. Hajasoma hata moja. Anaziweka tu zisimpotee, azikute akitulia. Mwingine ameimaliza hadithi saa sita ya usiku, machozi yanamtoka, anabonyeza moyo ili mwandishi ajue kwamba amemgusa. Wa tatu ana arosto ya mwendelezo: sehemu ya kumi na mbili imeishia pabaya, naye anabonyeza moyo ili ya kumi na tatu ikipandishwa apate taarifa. Wa nne anakusanya hadithi nzuri ili rafiki zake waje wachague humo. Hao watu wanne wamefanya mambo manne, na kitufe kimewapa jina moja la "kupenda". Wawili kati yao kimewasingizia, kwa sababu huwezi kupenda usichokisoma, na mwenye arosto pengine ana hasira tu na mwandishi.

Tovuti kubwa za hadithi zimeligundua hilo zamani. FanFiction.Net, iliyoanza Marekani mwaka 1998, inatenganisha hadithi unayoipenda na hadithi unayoifuatilia. Unaweza kubonyeza moja bila nyingine. Wattpad, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2006, ina maktaba ambayo ni ya msomaji peke yake, ina orodha ambazo wengine wanaweza kuziona, na ina nyota ya kumpigia kura mwandishi kwa kila sehemu. Archive of Our Own wana kitufe cha pongezi kando, na alamisho, yaani alama ya kuihifadhi hadithi, kando, tena alamisho hiyo unaweza kuifanya siri au kuiandikia maelezo ili wengine wasome. Msinakili majina yao. Nakilini utengano wao, kisha mzipe kazi hizo majina kutoka kwenye kitenzi cha Kiswahili, ambacho kina utajiri ambao wengi wetu tunausahau tukishakaa mbele ya kompyuta.

Tazama: nizipendazo. Neno moja lina msomaji (ni-), hadithi (-zi-), tendo (-pend-) na urejeshi (-zo), yaani kile kinachosimama badala ya "ambazo". Halina alama ya wakati, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Urejeshi usio na wakati unasema jambo ambalo ni hivyo siku zote: jana nilizipenda, leo nazipenda, na kesho ukiniuliza nitakutajia hizo hizo. Huko ndiko kupenda kwa mtu anayerudia hadithi mara ya tatu akijua mwisho wake. "Ninazozipenda" pia ni sahihi na ndiyo inayosemwa zaidi mitaani; ina wakati uliopo, inasikika ya sasa hivi, na wala sitamkosoa mtu akiitumia. "Nilizozipenda" ina ladha nyingine kabisa. Hizo ni zile nilizozisoma nikazipenda wakati huo. Kama bado nazipenda, neno halisemi. Kwa moyo unaobonyezwa mwisho wa hadithi, ningeandika "Nimeipenda", kwa kuwa ndilo tamko analolitoa msomaji pale pale. Kwa ukurasa unaokusanya mioyo hiyo yote, "Nizipendazo".

Kwa yule wa kwenye treni, wekeni kitufe cha pili: "Niwekee". Ndivyo tunavyomwambia muuza duka pale Majengo tunapotaka kitu na hatujakichukua. "Hifadhi" inafaa pia, na wengi wameizoea kwenye simu zao. "Alamisha" ni neno zuri lililoundwa kutokana na alama, na anayetumia kivinjari cha Chrome kwa Kiswahili analijua. Lakini mimi ningelibakiza kwa kuweka alama pale ulipoishia kusoma ndani ya hadithi, kama karatasi inayochomekwa kitabuni.

"Orodha ya Usomaji" ni Kiswahili kwa maneno yake, lakini siyo kwa mpangilio wa mawazo. Usomaji ni tendo au stadi. Mwalimu wa darasa la tatu anapima usomaji wa wanafunzi. Orodha ya usomaji ingekuwa orodha ya aina za kusoma. Mnachokitaka ni orodha ya hadithi, basi semeni "Orodha Yangu", au kama ni nyingi, "Orodha Zangu" (wala si "orodha langu", kosa ambalo nalisikia hata redioni). Halafu ndani yake acheni kitenzi kifanye kazi: "Ninazosoma", "Nilizosoma", "Nitakazosoma". Wakati wa sasa, uliopita na ujao umo ndani ya neno lenyewe, na msomaji wa Bahi au Mpwapwa hahitaji maelezo yoyote. Angalieni hiyo -taka- ya wakati ujao. "Nitazosoma" inasemwa sana, ila kwenye maandishi ya tovuti andikeni "nitakazosoma".

Orodha za wazi, zile za yule mkusanyaji, ziiteni "Ninazopendekeza". Pendekeza imetoka kwenye penda hiyo hiyo, ikasogea mbele: siyo kupenda tu, ni kukiweka kitu mbele ya mwenzako ili naye akione kinafaa. Siri na wazi zitatofautishwa na majina yenyewe, bila alama ya kufuli.

Limebaki suala ambalo hamkuliuliza, lakini mtakutana nalo. Hadithi inayoendelea, andikeni "Fuatilia". Kufuata ni kwenda nyuma ya mtu, au kumwendea, au kushika amri na imani yake. "Nimemfuata mwandishi" inaweza kusikika kama umeenda kumgongea mlango. Kufuatilia ni kushikilia jambo hatua kwa hatua mpaka ujue limeishia wapi, na hicho ndicho anachofanya mwenye arosto. Mitandao ya kijamii imeshawazoesha watu "wafuasi", na sidhani kama neno hilo litaondoka leo wala kesho. Hata hivyo kwenu bado ni mapema, mnaweza kuanza na "wafuatiliaji".

Na ukurasa wa waandishi usiitwe "Wapenzi Wangu", kama nilivyowahi kuona mahali. Mpenzi ni wa moyoni, au ni shabiki, kama tunavyosema wapenzi wa soka. Kwa hiyo wapenzi wa mwandishi ni wasomaji wake, na ukigeuza unamchumbia. Hadithi zimepata -zi- na -zo, na watu wapeni -wa- na -o: "Waandishi Niwapendao".