Tiketi niliilipia, ikapotea, nikatozwa faini

SWALI

Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Wiki iliyopita nilinunua tiketi ya treni kwa simu, nikaichukua ya karatasi kwenye mashine ya stesheni, nikaipitisha langoni na kupanda. Nilipofika mwisho wa safari sikuiona tena. Nilipekua mkoba, mifuko ya koti, hata kitabu nilichokuwa nikikisoma njiani, isionekane. Nilimwonyesha mkaguzi ujumbe wa malipo katika simu, lakini alisema ujumbe si tiketi, akaniandikia nauli ya adhabu: pauni 100, na juu yake pauni 18.60 za safari ileile niliyokwisha kuilipia. Nikilipa ndani ya siku 21, zile 100 zitapungua ziwe 50. Mume wangu anasema nilipe yaishe, kwa kuwa anahofu jambo hili lisije likaharibu maombi yetu ya uraia. Mimi naona nikilipa nitakuwa nimekubali kuitwa mwizi. Je, nina haki ya kupinga, na nianzie wapi?

Msomaji wa kike, kaskazini mwa Uingereza

JIBU

Dada yetu, pole sana kwa mkasa huo. Kwa kuwa siku 21 hazimsubiri mhariri, tulikutumia majibu kwa barua pepe mapema. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya ndugu wengine walioko huko ambao wanaweza kukutwa na jambo kama hili.

Tuanze na hofu ya mumeo, maana ndiyo inayowafanya watu wengi walipe bila kuuliza. Nauli ya adhabu si hukumu ya jinai. Hutozwa chini ya kanuni za reli za mwaka 2018 zinazohusu nauli za adhabu, na anayedaiwa hudaiwa kama mtu mwenye deni, si kama mshtakiwa. Kwa hiyo ukilipa huwi mhalifu, na ukikata rufaa huwi mhalifu vilevile. Kinachoweza kugusa maombi ya uraia ni hukumu ya mahakama, na njia ya kufika huko ni kuzipuuza barua, au kumpa mkaguzi jina na anwani za uongo. Wewe hukufanya lolote kati ya hayo, na usikubali mtu akushauri ulifanye sasa.

Swali lako la haki ndilo zito zaidi. Wewe unasema, “Nililipa,” na unasema kweli. Lakini sheria ndogo ya 18 ya reli za Uingereza humtaka msafiri aikabidhi tiketi yake anapoombwa na mfanyakazi mwenye mamlaka. Haiulizi kama alilipa, inauliza tiketi iko wapi. Tiketi ya karatasi ya safari moja ikipotea, kampuni hailazimiki kukupa nyingine, na sababu yao ni kwamba karatasi hiyo inaweza kuwa mkononi mwa mtu mwingine anayesafiri nayo, au imekwisha kurudishwa dukani ili fedha zirejeshwe. Mimi naiona kanuni hiyo kuwa kali mno kwa mtu aliyelipa, hasa ukizingatia kwamba mwenye tiketi ya msimu, yaani ya kusafiria mara nyingi kwa wiki, mwezi au mwaka mzima, akiisahau nyumbani huruhusiwa kudai arudishiwe fedha alizolazimika kulipa, hadi mara mbili ndani ya miezi 12. Hata hivyo, rufaa yako haina budi kuijibu hoja yao kama ilivyo. Wengi hushindwa kwa sababu huambatisha risiti peke yake, kisha hujaza kurasa mbili za malalamiko juu ya ukali wa mkaguzi, na wakati huo swali la kampuni linabaki bila jibu.

Kwa hiyo ifuate njia iliyopitiwa na tiketi yenyewe. Mwombe aliyekuuzia akuthibitishie kwa maandishi mambo matatu: kwamba tiketi ilichukuliwa kwenye mashine, saa ngapi ilichukuliwa, na kwamba hadi leo hakuna aliyeomba kurudishiwa fedha zake. Muulize pia namba ya tiketi hiyo, kwa sababu malango ya stesheni huisoma tiketi inapopita, na ukiwa na namba kampuni ya treni itakuwa na kitu cha kutafuta katika kumbukumbu zake. Ikionekana kwamba tiketi ilifungua lango la stesheni uliyopandia dakika chache kabla ya treni kuondoka, na haikusomwa mahali pengine popote baada ya hapo, dhana ya kwamba ulimpa mtu mwingine itakuwa imedhoofika sana.

Picha za kamera za stesheni nazo zinaweza kukusaidia. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2018 inakupa haki ya kuomba taarifa zinazokuhusu, zikiwamo picha zako, na anayezihifadhi kwa kawaida hupewa mwezi mmoja wa kukujibu. Picha hizo huwa hazitunzwi kwa muda mrefu, kwa hiyo liandike ombi hilo leo, utaje siku, saa, lango na mavazi uliyovaa. Lakini mwezi mmoja ni mrefu kuliko siku 21. Usizisubiri picha ndipo ukate rufaa. Peleka rufaa kwanza, na ueleze ndani yake kwamba umekwisha kuziomba.

Rufaa yenyewe hupelekwa kwa chombo kilichotajwa katika karatasi uliyopewa, ndani ya siku 21 zinazohesabiwa kuanzia kesho yake ya siku uliyotozwa. Muda wa kulipa husimama wakati rufaa inashughulikiwa, hivyo si lazima ulipe kwanza ndipo usikilizwe. Iandike barua kwa ufupi na kwa heshima: ulinunua lini, uliichukua wapi, ulipita lango gani, uligundua saa ngapi kwamba haipo, na ulimwambia nini mkaguzi. Kiri wazi kwamba hukuweza kuionyesha tiketi, kwa sababu ukikwepa hilo watakushuku katika mengine yote. Kisha omba wazingatie kwamba kuna sababu za msingi za kukusamehe, na hapo ndipo uambatishe uthibitisho wa muuzaji pamoja na taarifa ya benki.

Kabla ya kuifunga bahasha, isome tena karatasi ya mkaguzi. Je, imeandika sababu ya kukutoza, na kiasi sahihi? Je, stesheni uliyopandia ilikuwa na matangazo yanayoonekana ya kuwaonya abiria juu ya nauli ya adhabu? Kasoro katika mambo haya inaweza kuibatilisha kabisa nauli hiyo ya adhabu.

Wakikukatalia, una siku 14 za kukata rufaa ya pili, na wakikataa tena, siku 14 nyingine za kufika mbele ya jopo la watu watatu wasio waajiriwa wa kampuni. Tafadhali usichoke katika hatua ya kwanza, na usidhani kwamba kupinga ni utovu wa adabu wa mgeni. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya Westminster ilizifuta kesi zipatazo 74,000 ambazo kampuni kadhaa za treni zilikuwa zimewafungulia abiria kwa utaratibu wa haraka usioruhusiwa na sheria kwa makosa ya nauli ya aina ile. Kesi hizo si sawa na yako, lakini zinaonyesha kwamba kampuni za treni nazo hukosea, tena kwa idadi kubwa.

Na kama tiketi itajitokeza ndani ya kitambaa cha koti au katikati ya kitabu ulichokitaja, ipige picha pande zote mbili, tuma picha hizo pamoja na rufaa, na karatasi yenyewe ubaki nayo mpaka utakapopata uamuzi wa mwisho.