Maswali na Majibu: Al Hibbler, Baritoni wa Ellington

Je, Al Hibbler ndiye Ray Charles? (Msomaji, Morogoro)

Siye, na swali hili limenifikia mara nyingi mno. Hibbler alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1915, miaka 15 kabla ya Charles, yule mwimbaji na mpiga piano, na alisimama jukwaani kama mwimbaji wa baritoni, sauti ya kiume ya kati, mbele ya bendi ya mtu mwingine. Kwamba wote wawili hawakuona si sababu ya kuwachanganya.

Ni kweli kwamba Mungu alimnyima macho ili ampe sauti? (Msomaji, Mombasa)

Naomba kauli hii iachwe, hata inaposemwa kwa nia njema, kwa sababu inamnyang'anya mtu jasho lake. Hibbler alizaliwa haoni, familia yake ikahamia Arkansas akiwa kijana mdogo, akasoma katika shule ya wasioona mjini Little Rock, na huko ndiko alikoimba katika kwaya. Baadaye alipitia bendi mbalimbali, akaingia katika bendi ya Jay McShann mwaka 1942, na mwaka uliofuata akachukuliwa na Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazi, ambaye hakuwa mtu wa kuajiri kwa huruma. Sikilizeni "I'm Just a Lucky So-and-So" ya mwaka 1945: sauti inaanzia chini kifuani, kisha anaikwaruza kwa makusudi, anaipinda irabu mpaka neno karibu libadilike umbo, halafu anarudi kwenye noti yake pasipo kuyumba. Ellington aliufananisha uimbaji huo na maigizo yanayofanywa kwa sauti. Ufundi wa namna hiyo hupatikana kwa mazoezi. Nanyi walimu wa kwaya, mtoto asiyeona akija kwenu, msimkabidhi kipaza sauti ili waumini walie. Mfundisheni kupumua na kushika ufunguo kama mnavyowafundisha wenzake.

Kwa nini aliondoka kwa Ellington? (Msomaji, Kisumu)

Walitofautiana kuhusu malipo, mwaka 1951.

"Unchained Melody" ni wimbo wa nani? (Wasomaji kadhaa)

Muziki ni wa Alex North na maneno ni ya Hy Zaret. Aliyeuimba kwanza, katika filamu ya mwaka 1955, ni Todd Duncan. Mwaka huohuo Hibbler aliurekodi na kufika nafasi ya 3 katika chati ya pop ya Marekani, na akaongoza chati ya rhythm and blues, yaani muziki wa Wamarekani weusi. Toleo la Righteous Brothers, waimbaji wawili wa Marekani, ambalo wengi wenu mnalidhani ndilo la asili, lilikuja miaka 10 baadaye. Anayesambaza wimbo bila kutaja mtunzi, mwimbaji na mwaka anawadhulumu waliotangulia, na kosa hilo tunalifanya pia kwa wanamuziki wetu wa zamani.

Aliwahi kuimba jambo lolote linalohusu Afrika? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo. Serikali ya Liberia ilimwagiza Ellington atunge kazi ya kuadhimisha miaka 100 ya taifa hilo, na sehemu ya kwanza ya kazi hiyo ya mwaka 1947, "I Like the Sunrise", iliimbwa na Hibbler.

Mbona jina lake lilififia? (Msomaji, Tanga)

Mitindo ilibadilika, lakini hiyo si sababu pekee. Hibbler alijitosa katika harakati za haki za Wamarekani weusi wakati ambapo waimbaji wengi wa kiwango chake walichelea kupoteza soko. Alikamatwa New Jersey mwaka 1959, na Aprili 1963 akaandamana Birmingham, Alabama, ambako polisi walimtenga na wenzake na kukataa kumpeleka jela pamoja nao. Kampuni kubwa za rekodi zilimkwepa. Mwimbaji Frank Sinatra ndiye aliyempa nafasi katika kampuni yake ya Reprise. Wanaoniandikia kwamba msanii asiguse siasa wapime gharama aliyolipa huyu, kisha waniambie ni nani mwingine angeilipa kwa niaba yake. Alifariki Chicago mwaka 2001, akiwa na miaka 85.

Nianze na rekodi ipi? (Msomaji, Zanzibar)

Anza na "I Like the Sunrise", ufuatishe "After the Lights Go Down Low", iliyovuma mwaka 1956, kisha utafute albamu ya mwaka 1972 aliyoshirikiana na Rahsaan Roland Kirk, mpiga saksafoni ambaye naye hakuona. Usiridhike na vipande vya sekunde 30. Hibbler hujenga wimbo polepole, na mara nyingi jambo lenyewe liko kwenye ubeti wa mwisho.