Wanajeshi wanaporudi nyuma, anza na mwendo wao

Nimeandika tamthilia za jukwaani na za redio kwa muda mrefu, na hakuna zinazonivuta kama zile za wanajeshi wanaorudi nyuma. Wakiwa wanashambulia, macho yote yako kwa adui. Wakishashindwa, adui anabaki kuwa mlio wa mbali, nao wanaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe.

Ndiyo maana nikiulizwa uhusiano wa wahusika uanzie wapi, nasema uanzie kwenye mwendo. Nani anachechemea? Nani anapunguza hatua ili asimwache mwenzake, na nani anajifanya hajamwona? Katika safari hiyo kumsubiri mtu kunaweza kukuua, na kila mmoja analijua hilo. Ukilishika, hotuba za "sisi ni ndugu" huzihitaji tena. Mimi huzifuta zote.

Vyeo navyo vinataka uangalifu. Waandishi wengi huonyesha nidhamu ikivunjika kwa siku moja, askari wakiwatukana wakubwa wao. Mimi naona cheo hulegea hapa na kukaza pale. Katika tamthilia yangu moja luteni ameumia mkono. Alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, sajini anapiga goti na kumfunga kamba za buti. Luteni anatazama pembeni. Baadaye, mbele ya kikosi kizima, anamkaripia sajini huyohuyo kwa kuchelewesha safu, naye anajibu, "Ndiyo, afande." Waigizaji walitaka luteni ashukuru. Nilikataa, kwa sababu shukrani ingewafanya sawa, na wote wawili wanataka cheo kisimame mpaka wavuke mto.

Soma historia pia, ukiwatafuta watu ndani yake. Mwaka 1812 jeshi la Napoleon, likirudi kutoka Moscow, lilikwama kwenye mto Berezina. Wahandisi wa Jenerali Eblé waliingia kwenye maji yenye vipande vya barafu wakajenga madaraja, na wengi wao baridi iliwaua. Usiku wa Novemba 28 bado watu wengi waliochoka walikuwa hawajavuka. Walisihiwa waondoke, wakabaki wameuzunguka moto. Eblé alikuwa na amri ya kuyachoma madaraja asubuhi. Alichelewesha, akachelewesha tena, kisha akayachoma, na maelfu wakaachwa ng'ambo.

Mtu kama huyo simwandiki kuwa katili. Namwandika akiwa na rafiki ambaye hajavuka, na vijana wanaomtii huku wakiteketeza kile wenzao walichokufa wakikijenga. Kesho yake vijana hao watamtazamaje? Hapo pana kurasa nyingi, kuliko katika mapigano yenyewe.

Mapenzi yakijitokeza njiani, yawe mafupi. Watu wenye njaa na usingizi hawana nguvu za kubembelezana.

Wafu ndio husahaulika upesi mno. Askari akifa ukurasa wa kumi, asipotee kwa wenzake ukurasa wa kumi na moja. Kuna kuruta anayebaki na bakuli la rafiki yake, na nyuma yake anatembea mtu aliyepoteza la kwake, anakula kwa mikono. Usimalize mgogoro huo haraka. Acha mwenye bakuli akatae mara ya kwanza, na kikosi kizima kimsikie akikataa.