Kabla Hujampeleka Mgeni Pangoni

Juzi dada mmoja wa Nottingham aliniandikia. Mama yake anakuja kutoka Moshi mwezi wa nane, naye ameona picha zangu za mapango ya Castleton, kijiji cha Derbyshire hapa Uingereza: je, ampeleke? Nikamjibu mistari miwili, nikaifuta. Mapango yale yamenipa aibu mara moja na heshima mara moja, na mara zote mbili ni pango lilelile, Treak Cliff.

Aibu kwanza. Mwaka juzi nilijitia kimbelembele kupanga matembezi ya Waswahili wenzangu hapa Sheffield, watu 14. Nikawapambia kwelikweli: mawe yanayong'aa, kumbi chini ya ardhi, sijui kasri gani. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa na hadithi za mapango ya Amboni, za mbwa aliyetumbukia huku akaibukia Kilimanjaro. Nikadhani kila mtu akiingia pangoni moyo unamruka kama wangu.

Siku yenyewe mvua. Kutoka barabarani hadi mlangoni unapanda mlima kwa miguu, nami sikuwaambia. Mama mmoja alivaa viatu vya harusini. Ndani kuna baridi ya nyuzi kama 10, kiangazi na kipupwe, na maji yanakudondokea shingoni. Tulipotoka, shemeji mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe tumelipa kuja kuona shimo!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku akalirudia kwenye kundi la WhatsApp. Hadi leo tukikutana misibani ananiita Mama Shimo, na mimi naitika, nifanyeje.

Mwaka huu mwezi wa tano akaja mjomba wangu. Ana miaka 68, na ujana wake wote aliumalizia Mererani akitafuta tanzanaiti. London nilimpeleka, akapiga picha mbili akaomba turudi. Nikasema potelea mbali, twende Castleton. Safari hii sikumpamba kwa lolote. Nilimwambia tu, "Mjomba, kuna mlima huku walikuwa wanachimba jiwe la rangi, wanasema liko hapa tu."

Akakaa sawa kwenye kiti cha basi. "Jiwe gani?"

Ndipo nikamweleza. Linaitwa Blue John, ni fluoriti, aina ya madini, yenye mistari ya zambarau na manjano, na wapo wanaosema jina limetokana na Kifaransa, buluu na njano. Karne ya 18 matajiri walilitaka kwa vyombo vya mapambo, na Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, alilivika shaba iliyopakwa dhahabu akawauzia wakubwa. Lakini ni jiwe jepesi kuvunjika, ndiyo maana mafundi hulinywesha utomvu kwanza, zamani wa msonobari, kabla ya kulichonga. Mjomba akacheka peke yake. "Kama tanzanaiti. Ukiipiga vibaya, umekula hasara."

Pale mlangoni akapanda polepole, anapumzika, anapanda. Ndani, watu wote waliinua macho juu. Yeye alishika ukuta. Sehemu ya mwanzo ya pango ni machimbo ya zamani, na mkanda wa jiwe lenyewe bado unaonekana ukutani. Mjomba aliufuata kwa kidole, akaonyesha ulipoingia na ulipopotelea. "Hapa walikata tamaa," akasema. "Hapa wakarudi." Wazungu wawili waliokuwa nyuma yetu wakasimama. Kijana mmoja wa pale naye akasogea, nikawa natafsiri: kifusi kilipelekwa wapi, hewa iliingia vipi, duara, yaani shimo la kuchimbia, ikigeuka hivi maana yake nini. Mimi niliyeitwa Mama Shimo, nikawa mkalimani wa mtaalamu! Natamani shemeji angekuwepo.

Kijana yule akatusimulia kwamba sehemu ya ndani, ile ya mapambo, haikujulikana hadi 1926. Wachimbaji walikuwa wakitafuta fluoriti ya kawaida, ile inayotiwa kwenye tanuri za chuma ili uchafu uyeyuke na kujitenga. Walipolipua baruti wakajikuta wametokea kwenye kumbi zilizojaa stalaktiti, mawe yanayoning'inia darini. Watalii wakaanza kuingia 1935. Maji ya mvua hupenya kwenye mawe ya chokaa yakiyeyusha kidogokidogo, na kila tone likifika hewani huacha chembe yake. Kwa maelfu ya miaka chembe hizo zimefanya mapazia, sindano, hata korongo aliyesimama kwa mguu mmoja.

Mjomba alimtazama korongo kidogo tu. Aliuliza wachimbaji wa pale walikufa vipi. Nikamwambia kwamba wachimba madini ya risasi wa Derbyshire waliwaita waliowatangulia, pamoja na mashimo waliyoyaacha, T'owd Man, yaani Mzee. Akanyamaza. Mwaka 1998 mafuriko yaliingia kwenye machimbo ya Mererani, na wenzake hawakutoka. Sikujua kama angependa kuendelea. Akaendelea.

Sasa, ndugu zangu wa ughaibuni, mniruhusu niseme. Tunawapeleka wazazi wetu kwenye vioo na maduka, halafu tunalalamika kwamba hawafurahii. Tumewauliza walifanya kazi gani? Mtu aliyelima umpeleke shamba, aliyechimba umpeleke machimboni. Na usimtangulizie uzuri, mtangulizie kazi. Mapambo atayaona mwenyewe, ana macho.

Dada wa Nottingham, jibu lako: mpeleke, ila mwambie kuhusu mlima. Viatu vya kukanyagia matope, sweta hata kama nje kuna jua, halafu viatu tena, maana najua hukunisikia. Kama magoti yanamsumbua, muulize kwanza, na akikataa usimlazimishe, mkae kijijini mnywe chai. Pango la jirani, Blue John Cavern, lina ngazi zaidi ya 200 kushuka, na kurudi ni hizohizo.

Dukani mjomba alichagua kipande kisichosuguliwa, kidogo kuliko punje ya hindi. Nilitaka kumnunulia kizuri zaidi, akakataa, anasema hicho bado kina ukuta wake. Wiki iliyopita amenitumia picha kutoka Tanga. Amekiweka kabatini kando ya tanzanaiti yake yenye ufa, ile aliyokosa mnunuzi, na anataka nimtafutie tochi kama ya yule kijana.