Kabla hujapeleka wageni Taveta: ya kuzingatia kwa mwongozaji mpya

Kazi ya kuongoza wageni kwenye viwanja vya Vita Vikuu vya Kwanza huko Taita Taveta huanzia hapa Nairobi. Kabla hujakata tiketi, nenda Kenyatta Avenue ukautazame mnara wa sanamu tatu. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi. Kisha pita Kariokor, palipokuwa kambi ya wapagazi hao. Ukishapaona hapo utafika Taveta ukijua unachokitafuta, maana kule makaburi yaliyotunzwa ni ya wanajeshi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa malaria, kuhara damu na njaa, na hawana jiwe lenye jina. Usipowataja wewe, mgeni ataondoka hajui kwamba walikuwepo.

Usafiri ni rahisi ukijipanga. Panda treni ya SGR ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati, ushuke Voi. Tiketi hukatwa kwa simu kwa *639# na kulipiwa kwa M-Pesa. Kitambulisho ulichokatia ndicho utakachoonyesha Syokimau, kituo cha treni hiyo Nairobi, kwa hiyo usikatie kundi zima kwa namba yako. Fika kituoni saa nzima kabla ya treni kuondoka, kwa sababu ukaguzi wa mizigo una hatua kadhaa na foleni haimsubiri mtu. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110 za lami. Barabara hiyo inakata Tsavo Magharibi na ndovu huivuka wanapotaka. Hakikisha umefika kabla ya jua kutua. Usiku ndovu humwoni mpaka uwe umemkaribia mno.

Usiipite Voi mbio. Kwenye makaburi ya vita ya pale amezikwa Luteni Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, aliyepewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alijeruhiwa mguuni, akakataa kuondolewa ili abaki na majeruhi wenzake. Maktau kwenyewe kuna makaburi ya askari wa Jeshi la India. Wageni wengi hawajui kwamba watu kutoka India na Pakistani ya leo walipigana hapa. Waeleze mapema, kwa sababu baadhi ya Wahindi wa Nairobi huja kutafuta jina la babu. Mtu wa namna hiyo mwache peke yake kwa muda, maelezo yako yatasubiri.

Kilima cha Salaita ndicho kiini cha safari, na ndipo waongozaji wapya wanapokosea zaidi. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika, waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, wakajiimarisha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imewasili, ilishambulia. Mizinga ilipiga kilele, lakini mahandaki yenye watu yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima. Askari walisonga mbele kwenye vichaka wakidhani adui ameshavunjwa, wakapokewa na bunduki za rashasha. Walirudi nyuma wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 130, na kikosi cha Wabaluchi, cha Jeshi la India, ndicho kilichowakinga wasifuatwe. Kwa hiyo usimpandishe mgeni kileleni moja kwa moja. Anza chini, upande wa mashariki walikotokea washambuliaji, mwonyeshe jinsi vichaka vinavyoziba macho, halafu mtembee mkilielekea handaki. Akishaona umbali huo kwa miguu yake, kileleni hutakuwa na mengi ya kusema.

Mahandaki yamefukiwa nusu, na saa sita mchana yanaonekana kama mitaro tu ya maji. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kivuli cha jua la pembeni kikichora kingo. Epuka Aprili na Mei, kwani nyasi hufunika kila kitu na njia za udongo hunasa magari. Kila mtu abebe lita tatu za maji, avae suruali ndefu na viatu vya kufunika vifundo, kwa ajili ya miiba na nyoka.

Maganda ya risasi bado yanaokotwa. Waambie wageni wasichukue hata moja: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kihistoria, na ganda likishatoka mahali pake haliwezi tena kuonyesha mpiganaji alikuwa amelala wapi. Mkikuta kombora zima msiliguse, wekeni alama kwa mbali na mpige ripoti polisi.

Ardhi nyingi pale ina wenyewe. Mwone chifu au mzee wa kijiji kabla ya kuingia, na umchukue kijana wa hapo kuwa mwenyeji wenu. Mkubaliane malipo kabla ya kuanza kutembea, umlipe mkononi siku hiyo hiyo. Mkienda kwa wazee kusikiliza, shikamoo kwanza, simu mfukoni. Kurekodi huombwa baada ya mazungumzo kuchanganya.

Vilima vya Latema na Reata, palipopiganwa usiku wa tarehe 11 Machi 1916, viko karibu na mpaka. Kamera zisielekezwe kwenye vizuizi vya polisi wala ofisi za mpakani. Wageni wakitaka kuendelea hadi Moshi, Tanzania, kupitia mpaka wa Holili, kila mmoja awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari la kukodi linahitaji barua ya mwenye gari na bima ya COMESA ya kuvuka mpaka. Karatasi hizo zitafute Nairobi wiki moja kabla. Taveta hutazipata jioni ya Ijumaa.