Maswali ya Wasomaji: Umeibuka, Boti Huioni

SWALI: Mhariri, salaam. Nazamia kwa mtungi Mbudya na Bongoyo. Jaketi langu la kuzamia, lile la kujaza hewa, lina filimbi, na wenzangu wanasema hiyo yatosha kwa dharura. Ni kweli?
*Msomaji, Kunduchi*

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu. Nahodha amekaa na injini inanguruma nyuma yake, na kusi likivuma sauti yako inapelekwa upande mwingine kabisa. Filimbi inafaa boti ikiwa karibu na mashine imezimwa, au mkitafutana wenyewe kwa wenyewe majini. Iwe ile isiyo na kigololi ndani. Kigololi kikilowa hukwama.

Cha kununua kwanza ni boya la kujaza hewa, lile wengi wanaloliita soseji, la urefu wa mita 1.5 au zaidi. Kichwa cha mtu majini ni kama kifuu cha nazi: wimbi la nusu mita tu linakifunika. Na bamvua ikiwa imeshika, mkondo unaokwenda kilomita 3 kwa saa unakusogeza kilomita nzima ndani ya dakika 20. Maboya ya mita 1 ni ya bei nafuu, lakini likiinama kidogo halionekani tena. Chagua rangi ya chungwa au njano inayong'aa. Nyekundu huanza kuonekana nyeusi jua linapoelekea kuzama.

Cha pili ni kioo cha ishara, cha ukubwa wa kiganja, kilichofungwa kamba. Hakina betri, na mmweko wake huonekana kilomita kadhaa, hata na mtu ambaye hakuwa akikutafuta. Nyoosha mkono mmoja, tanua vidole viwili, boti ionekane katikati yake. Kioo kiweke jirani na jicho, kigeuze mpaka mwanga uangukie vidole hivyo, kisha kitikise taratibu. CD ya zamani nayo inamulika, ila maji ya chumvi huibambua ule utando wake, kwa hiyo iwe ya kushikizia tu.

Ongeza tochi ndogo hata kwa mzamio wa mchana. Huku kwetu jua likishazama giza halikawii. Ukiigandamiza tochi kwenye boya, boya zima linawaka kama taa.

SWALI: Nilipolipandisha boya kutoka mita 10 lilinivuta juu nikashindwa kujizuia. Nilikosea wapi?
*Mzamiaji, Masaki*

JIBU: Karibu kila mara sababu ni hewa iliyozidi au kamba iliyokwama, na mara nyingi yote mawili. Boya lenye lita 10 za hewa linavuta kwa nguvu ya kilo 10. Hakuna mapezi yanayoshindana na hilo. Tena hewa iliyotiwa mita 10 inakuwa mara mbili ikifika juu. Pumzi moja ya kujaza kifua, tuseme lita 3, itafika juu ikiwa lita 6. Hizo zinatosha kulisimamisha. Kama halijakaza vizuri, utaongeza kwa mdomo ukishaibuka.

Fanya hivi. Kwanza tulia mahali pamoja, ujazo wa jaketi uwe sawa, usiwe unapanda wala kushuka. Tazama juu na usikilize kama kuna injini. Kunjua boya likiwa mbele yako, mbali na mtungi na mabomba. Spuli ya kamba ishike kwa kidole gumba na cha kati, kila kimoja upande wake, ili izunguke bila kizuizi. Usiifunge kwenye jaketi hata kwa dakika moja. Hapo ndipo watu wanaponyanyuliwa. Puliza pumzi moja, achia, iache spuli izunguke. Ikikwama, iachie iende zake, spuli inanunulika. Ukitia hewa kwa regileta ya akiba (kile kinywa cha pili cha kuvutia hewa ya mtungi), angalia kamba isijisokote kwenye kinywa chake, na usiiminye muda mrefu, maana regileta inaweza kukwama wazi ikamwaga hewa yako.

Boya likishafika juu, kaza kamba. Kamba ikilegea, boya linalala, na lile lililo wazi chini humwaga hewa yote. Ukiibuka, vuta mkia wake chini au ukae umeubana kwa mapaja, lisimame wima.

Ukirudi nyumbani lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, hasa valvu. Chumvi ikikauka pale, valvu haifungi. Mara moja kwa mwezi lijaze hewa jioni, ulitazame asubuhi. Likiwa limenywea, mshono au valvu imekwisha.

SWALI: Kuna vifaa vinavyoita msaada kwa setilaiti. Je, nikibeba simu kwenye mfuko wa plastiki si ni hayo hayo?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Sivyo, dada. Mifuko ile ni ya mvua na ufukweni; ukifika mita 20 shinikizo ni mara tatu ya la juu, na maji yataingia. Hata ikipona, kioo cha simu kilicholowa hakisikii kidole. Simu ibaki na nahodha.

Kifaa cha setilaiti cha masafa ya 406 MHz hutuma mahali ulipo kupitia mfumo wa Cospas-Sarsat, na betri yake lazima idumu saa 24 au zaidi. Ni kitu kizuri, lakini vingi havihimili kina cha kuzamia, hivyo vinahitaji kasha la shinikizo. Kisajili kwa jina lako kabla ya safari, na ukikiwasha antena isimame nje ya maji. Vile vya AIS (mfumo wa redio wa vyombo vya majini kutambuana) vinaonekana kwenye skrini za meli; boti nyingi za fiba zinazopeleka watu visiwani hazina skrini hiyo. Kwa maoni yetu, usikinunue kabla hujawa na boya na kioo.

SWALI: Wazamiaji wakipitisha muda tuliokubaliana, nisubiri au niondoke kuwatafuta?
*Nahodha, Msasani*

JIBU: Zikipita dakika 10, andika saa na namba za GPS za pale walipozamia. Tupa dumu la lita 20 lililojaa maji robo tatu na kufungwa barabara. Likiwa zito hivyo upepo haulisukumi sana, na litakuonyesha mkondo unakokwenda. Lifuate taratibu, mtu mmoja asimame juu ya boti, na kila dakika 5 zima injini msikilize. Kukiwa na boti ya pili, moja ibaki pale pale, kwani huenda bado wako chini.

Usichelewe kuita. Kama zimebaki saa mbili kabla ya magharibi, ita hapo hapo: redio chaneli 16, kituo cha uratibu wa uokoaji baharini cha Dar es Salaam kilicho chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na Polisi Wanamaji. Watakuuliza idadi ya watu, saa waliyozama, mahali, uelekeo wa mkondo na rangi ya maboya yao. Hiyo rangi iandike kabla hawajaruka majini.